Gitaa Linalokwaruza Kama Santuri

Watoto, tuanze na jaribio. Mwombe mzazi akufungulie wimbo "Bulls on Parade" wa bendi ya Rage Against the Machine, uliotoka mwaka 1996. Ukifika pale mwimbaji anaponyamaza na gitaa kushika nafasi, utasikia mkwaruzo, kama DJ anayeisukuma santuri mbele na nyuma kwa kiganja. Lakini pale hapana DJ wala santuri. Yupo mtu mmoja na gitaa lake, na baba yake ni Mkenya.

Anaitwa Tom Morello. Alizaliwa New York tarehe 30 Mei 1964. Mama yake, Mary Morello, ni mwalimu wa Kimarekani aliyekwenda kufundisha Kenya, na huko ndiko alikokutana na Ngethe Njoroge, mwanadiplomasia wa ukoo wa Mzee Jomo Kenyatta, ambaye miaka ya 1970 aliiwakilisha Kenya mjini London. Baba alirudi Kenya Tom angali mdogo sana. Mama akamlea peke yake huko Libertyville, mji mdogo wa jimbo la Illinois, akifundisha katika shule ya sekondari ya hapo hapo.

Tom husimulia kwamba katika mji ule hapakuwa na mtoto mwingine mweusi. Baadhi yenu mnaijua hali hiyo: mwalimu anapoita majina asubuhi, unajua kabla hajafika kwako kwamba lako atalisoma mara mbili. Yeye alibeba jina la ukoo la mama, la Kiitaliano, lakini uso wake ulikuwa wa baba, na watu walimuuliza maswali.

Gitaa hakulianza mapema. Alipata la kwanza akiwa na miaka 13, akaenda kwa mwalimu mara mbili tu, akachoshwa, akalitia kabatini. Alilitoa tena alipofika miaka 17. Hapo alijiona amechelewa, na akaamua kulipa deni: alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard alifanya mazoezi hadi saa 8 kwa siku, juu ya masomo yake. (Wazazi, msiwaonyeshe watoto sentensi hii kabla ya mitihani.) Alihitimu mwaka 1986, akahamia Los Angeles kutafuta bendi. Kwa muda alifanya kazi ofisini kwa Seneta Alan Cranston, akimpangia ratiba, na anasema aliona jinsi siku ya mwanasiasa inavyoliwa na kazi ya kuomba fedha. Hasira ya kuyaona hayo utaisikia baadaye katika nyimbo zake.

Sasa turudi kwenye ule mkwaruzo.

Gitaa la umeme lenyewe lina sauti ndogo sana. Chini ya nyuzi kuna vinasa sauti, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya ule, hupita kwenye kebo mpaka kwenye amplifaya, na kutoka hapo twasikia mlio. Magitaa mengi yana vinasa viwili au zaidi, na swichi ndogo ya kuchagua kipi kifanye kazi. Wapiga gitaa wengi huigusa swichi hiyo mara moja moja tu.

Tom alifanya jambo rahisi kabisa. Kinasa kimoja alikipunguza sauti hadi sifuri, kingine akakiacha juu. Basi ile swichi ikawa kama swichi ya taa: ukiisogeza huku gitaa linalia, kule linanyamaza. Katika "Bulls on Parade" mkono mmoja unasugua nyuzi bila kubana noti yoyote, na mkono wa pili unachezesha swichi haraka haraka. Mguu nao uko kwenye pedali ya wawa, ile inayofanya gitaa lifumbue na kufumba mdomo. Ni msuguano wa kiganja juu ya chuma, uliokatwakatwa vipande.

Los Angeles ya wakati ule ilijaa watu wenye vidole vya kasi kuliko vyake, nami naamini angepotea katikati yao kama angeshindana nao kwa kasi. Badala yake alisikiliza madijei wa hip-hop, akajipa kazi ya dijei ndani ya bendi ya roki. Gitaa lake maarufu, lenye viboko waliochorwa juu yake (wale wa mtoni, si wa mwalimu), aliliunganisha kwa vipande na kubadilisha karibu kila kitu isipokuwa bodi. Mwishowe alichoka kuitafuta sauti kamilifu, akaamua kutumia alicho nacho. Hata amplifaya amebaki na ile ile miaka mingi.

Rage Against the Machine ilianza mwaka 1991, albamu ya kwanza ikatoka 1992. Kwenye jalada waliandika kwamba hawakutumia kinanda wala sauti za kuazima, maana walijua watu wasingeamini. Baadaye Tom alikuwa katika Audioslave, akaimba peke yake na gitaa kavu kwa jina la The Nightwatchman, akapiga na Bruce Springsteen. Mwaka 2023 Rage waliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Roki, na kati ya wanne ni yeye tu aliyehudhuria.

Wazazi, nyimbo za Rage ni za hasira juu ya vita, polisi na ubaguzi, na nyingine zina matusi. "Killing in the Name", iliyoshika namba moja Uingereza Krismasi ya 2009, isikilizeni kwanza wenyewe. Mama Mary alikuwa na msimamo wake: mwaka 1987, Tom hajajulikana bado, mwalimu huyu alianzisha chama cha wazazi cha kupinga kufungiwa kwa muziki wa roki na rapu. Mnaweza kubishana naye mezani.

Na mwaka 2024 Tom alitoa wimbo "Soldier in the Army of Love". Anayepiga gitaa humo pamoja naye ni mwanawe Roman, aliyekuwa bado shuleni.