Mbunge aliyerudi mjini kuomba umeya

Desemba mwaka 1909, wapiga kura wa Northampton, mji mdogo ulio magharibi mwa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, walimchagua wakili wa miaka 37 kuwa meya wao. Alipata kura 1,597, mpinzani wake kura 1,409. Wakili huyo, Calvin Coolidge, alikuwa ametoka kutumikia vipindi viwili katika bunge la jimbo kule Boston. Hakushindwa katika uchaguzi wala hakufukuzwa na chama. Aliondoka kwa hiari yake, akarudi kwao kuomba kazi ya kusimamia mishahara ya walimu, barabara za mitaa, kodi ya majengo na deni la mji.

Miaka 14 baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Wanaomkumbuka leo humkumbuka kwa Ikulu na kwa ukimya wake, maana alikuwa mtu wa maneno machache mno. Lakini sehemu ya maisha yake inayotufaa sisi zaidi ni ile ya kabla ya Ikulu, tangu alipokuwa diwani asiyelipwa hata senti hadi alipokalia kiti cha juu cha Seneti ya jimbo lake. Waswahili tunasema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Coolidge aliinama, na hata alipokwisha kusimama hakuona aibu kuinama tena.

Mtoto wa mkusanya kodi

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1872 katika kijiji cha Plymouth Notch, jimbo la Vermont. Baba yake, John Coolidge, alikuwa mkulima na mwenye duka, na kila wanakijiji walipohitaji mtu wa kuwasimamia walimwendea yeye. Kwa nyakati mbalimbali alikuwa konstebo, mkusanya kodi, mlinzi wa amani na mjumbe wa bunge la Vermont. Katika kumbukumbu za maisha yake alizochapisha mwaka 1929, Coolidge anaeleza kuwa alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kwenda kukusanya kodi. Huko ndiko alikoelewa kwamba kodi ikishapangwa, lazima kuna mtu atakayetoka jasho kuitafuta pesa ya kuilipa.

Aliyeyaona hayo mlangoni kwa mkulima hasomi bajeti kwa macho yale yale ya aliyekutana na tarakimu zake kwa mara ya kwanza akiwa amekaa kwenye kiti cha bunge.

Alihitimu Chuo cha Amherst mwaka 1895. Hakwenda shule ya sheria. Aliingia katika ofisi ya mawakili wawili wa Northampton akasoma sheria humo humo, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, na mwaka 1897 akakubaliwa kuwa wakili. Mwaka uliofuata alifungua ofisi yake, na mwaka huo huo akachaguliwa diwani wa Kata ya Pili.

Udiwani huo haukuwa na mshahara. Mwaka 1900 baraza lilimteua kuwa mwanasheria wa mji kwa dola 600 kwa mwaka, na baadaye alieleza kwamba aliitaka kazi hiyo kwa sababu ingemfanya awe wakili bora zaidi. Aliishika miaka miwili, kisha akashindwa na mwingine. Mwaka 1903 aliteuliwa kuwa karani wa mahakama za wilaya ya Hampshire, akamalizia muda uliokuwa umebaki. Mwaka 1905 aligombea kamati ya shule akaanguka. Inasimuliwa kwamba jirani mmoja alimwambia wazi kuwa hakumpigia kura kwa kuwa hakuwa na mtoto shuleni. Coolidge, aliyekuwa ameoa miezi michache tu iliyopita, alimjibu kwamba huenda angempa muda kidogo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka uliofuata.

Kura za fundi viatu

Mwaka 1906 chama chake cha Republican kilimsimamisha kugombea Baraza la Wawakilishi la jimbo. Alimshinda mjumbe aliyekuwa madarakani, wa chama cha Democrat, kwa tofauti isiyofika kura 300. Ushindi mwembamba namna hiyo haupatikani kwa kura za wanachama peke yao. Coolidge alipita nyumba kwa nyumba, na alipofika mlangoni alisema shida yake kwa maneno machache: anagombea, anahitaji kura, atashukuru akipewa. Aliwaendea hata wafuasi wa chama pinzani, na wengi wao walimkubali.

Miongoni mwa rafiki zake wa mjini alikuwa James Lucey, fundi viatu mhamiaji kutoka Ireland. Coolidge alikuwa na mazoea ya kupita kibandani kwake na kumsikiliza, na kupitia watu kama Lucey alijua Waairishi wa Northampton walikuwa wanazungumza nini. Agosti 1923, siku chache baada ya kuwa Rais, alimwandikia mzee huyo barua fupi ya kumwambia kwamba kama si yeye, asingefika alipofika. Marais huandikiwa barua nyingi za pongezi na wakubwa wa dunia, na yeye alikaa chini akamwandikia fundi viatu wa mtaani kwao.

Bunge alilokwenda kuingia linaitwa General Court. Siku zile lilikuwa na wawakilishi 240 na maseneta 40, na wote walichaguliwa upya kila mwaka. Kila Novemba mjumbe alisimama tena mbele ya watu wake. Coolidge alikwenda Boston kwa treni, akapanga chumba katika hoteli ya Adams House kwa dola moja kwa siku, huku mkewe Grace akibaki Northampton katika nusu ya nyumba waliyokuwa wamekodi. Mwanasiasa wa kwao alimpa barua ya kumtambulisha kwa Spika, yenye ujumbe kwamba kijana huyu ni bora kuliko anavyoonekana. Katika vipindi vyake viwili aliunga mkono haki ya wanawake kupiga kura na hoja ya kutaka maseneta wa taifa wachaguliwe na wananchi wenyewe badala ya kuteuliwa na mabunge ya majimbo. Kisha akarudi nyumbani.

Kurudi si kushuka

Hapa ndipo penye somo. Afrika Mashariki, mbunge akirudi kugombea udiwani watu husema ameporomoka. Tumezipanga nafasi za uongozi kwa ukubwa wa gari na posho, kisha tunashangaa wenye uwezo wanapoikimbia kata. Sheria ya Tanzania inamfanya mbunge wa jimbo la uchaguzi kuwa mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Kenya nayo, tangu uchaguzi wa 2013, imekuwa na mabunge 47 ya kaunti yenye mamlaka juu ya mambo yanayomgusa mwananchi kila siku. Milango ya kujifunzia utawala iko wazi. Kilichobaki ni mtazamo wetu juu ya wanaoipitia.

Akiwa meya mwaka 1910 na 1911, Coolidge aliongeza mishahara ya walimu, akapunguza deni la mji na kuteremsha kodi kidogo. Mtu anaweza kuyaona haya kuwa mambo madogo. Lakini kumwongeza mwalimu mshahara na kupunguza deni kwa mkupuo mmoja si jambo jepesi kwa meya yeyote, popote. Inabidi ujue kila shilingi inakotoka na inakokwenda, na uwe na ujasiri wa kumkatalia rafiki anayetaka zabuni. Isitoshe, meya wa zamani anapokwenda kutunga sheria hana kisingizio. Anajua kwamba agizo linalopitishwa kwa dakika tano bungeni linaweza kuubebesha mji mdogo gharama ya miaka kumi.

Mwaka 1910 baba yake alichaguliwa kuwa seneta wa jimbo la Vermont. Meya Coolidge alimwandikia kumshauri kwamba kuzuia miswada mibaya kuna faida kubwa kuliko kupitisha mizuri. Mwana alikuwa anamfundisha baba kile ambacho baba alianza kumfundisha mwana walipokuwa wakikusanya kodi vijijini.

Mgomo wa Lawrence

Alirudi Boston Januari 1912, safari hii akiwa seneta. Mwezi huo huo moto ukawaka katika mji wa viwanda wa Lawrence. Sheria mpya ilikuwa imepunguza saa za kazi za wanawake na watoto kutoka 56 hadi 54 kwa wiki, na wenye viwanda vya nguo nao wakapunguza ujira kwa kadiri hiyo hiyo. Kila bahasha ya mshahara ilipungua senti thelathini hivi, bei ya mikate kadhaa kwa familia iliyokuwa tayari inalala nusu tumbo. Wafanyakazi zaidi ya 20,000, wengi wao wahamiaji wa mataifa mbalimbali, walizima mashine wakaingia barabarani.

Seneta Coolidge alipewa uenyekiti wa kamati ya bunge ya kusaka suluhu. Hakuwapenda viongozi wa mgomo, na barua alizoiandikia familia yake hazifichi hilo. Hata hivyo kazi aliyotumwa ilikuwa kuwakutanisha wenye viwanda na wafanyakazi, na aliifanya. Katikati ya Machi kampuni kubwa ya sufu ilikubali kupandisha ujira, wa kipato cha chini wakipewa nyongeza kubwa zaidi, na wafanyakazi wakarudi kazini. Sifa ya kwanza ni ya wafanyakazi wenyewe waliovumilia baridi na njaa kwa miezi miwili, na ya kelele za nchi nzima baada ya polisi kuwapiga wanawake katika kituo cha treni mwezi Februari. Lakini makubaliano huhitaji pia mtu wa katikati anayeaminika na pande zote, na mtu huyo hatengenezwi siku ya mgomo.

Mtaro wa Amherst

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu Frank Stearns, tajiri wa maduka wa Boston aliyesoma Amherst kama Coolidge. Stearns alitaka bunge lipitishe muswada wa mtaro wa maji taka wa mji wa Amherst. Coolidge alimjibu kwa mkato kwamba muda umepita, na Stearns akaondoka na hasira. Kikao kilichofuata, Coolidge aliuchukua muswada ule akaupitisha bila kumwambia mtu. Stearns alipogundua alishangaa, na tangu siku hiyo akawa mfuasi wake mkubwa kuliko wote. Ingekuwa rahisi kuahidi kwanza na kutafuta visingizio baadaye. Coolidge alisema hapana wakati jibu lilikuwa hapana, kisha nafasi ilipopatikana akatenda.

Mwaka 1914 wenzake walimchagua kuwa Rais wa Seneti ya jimbo. Katika hotuba ya kupokea kiti aliwasihi waifanye kazi ya siku hiyo bila kuogopa kuitwa majina, na wasikimbilie kutunga sheria mpya kila uchao. Alipochaguliwa tena mwaka 1915, hotuba yake haikufika maneno hamsini, na aliimaliza kwa kuwahimiza maseneta wawe wafupi wa maneno.

Mwaka 1916 akawa naibu gavana, na mwaka 1919 gavana. Alipokuwa gavana alitia saini sheria ya saa 48 za kazi kwa wiki kwa wanawake na watoto, akaunganisha ofisi za serikali zaidi ya mia moja zikawa ishirini hivi, na akakataa kutia saini muswada wa wabunge wa jimbo kujiongezea posho kwa asilimia 50. Baadaye akawa Makamu wa Rais. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 1923, habari za kifo cha Rais Warren Harding zilimkuta Plymouth Notch. Baba yake alikuwa na mamlaka ya kuapisha watu kijijini, hivyo saa nane na dakika 47 za usiku alimwapisha mwanawe sebuleni, kwa mwanga wa taa ya mafuta.

Yasiyosifika

Kuanzia chini hakumfanyi mtu asikosee. Septemba 1919, polisi zaidi ya elfu moja wa Boston waligoma kwa sababu ya ujira duni na kunyimwa haki ya kujiunga na shirikisho la wafanyakazi. Gavana Coolidge aliita askari wa jimbo na kusimama na uamuzi wa kutowarudisha kazini waliogoma. Msimamo huo ulimpa jina nchi nzima, na familia za polisi zikabaki bila riziki. Mwaka 1924, akiwa Rais, alitia saini sheria ya uhamiaji iliyowafungia mlango watu wengi wa Asia na kuwabana watu wa kusini na mashariki mwa Ulaya, ndugu za wale wale waliogoma Lawrence. Haya ni sehemu ya rekodi yake, na anayemsifu lazima ayataje.

Swali la kumuuliza mgombea

Hata hivyo, njia aliyopita ina funzo lisilotegemea chama chake wala siasa zake. Kabla ya kutunga sheria kwa ajili ya jimbo zima, alikuwa ameziishi sheria katika mji mmoja: akiwa diwani, akiwa mwanasheria wa mji, akiwa karani wa mahakama, na hata akiwa mgombea aliyeanguka katika uchaguzi wa kamati ya shule. Kila cheo kilimweka mbele ya watu wanaomjua kwa jina, wanaoweza kumsimamisha njiani na kumuuliza imekuwaje.

Basi anapokuja kwako anayetaka ubunge, mpe nafasi ya kueleza ndoto zake, kisha muulize ya karibu. Amewahi kuketi kwenye kamati gani ya shule, ya maji au ya soko? Anajua halmashauri yake inakusanya kiasi gani kwa mwaka na inadaiwa na nani? Mihtasari ya vikao inaonyesha alisema nini na alipiga kura upande gani? Kuna lipi alilomkatalia rafiki yake kwa sababu halikuwa na faida kwa wengi? Na aliye diwani leo, akaifanya kazi yake vizuri, asiambiwe amekwama chini. Apewe kura ya kubaki akitaka kubaki, na ya kupanda akiwa tayari kupanda. Kata ikipata viongozi hodari, Bunge nalo litapata wa kuchagua.