Kuunda Gari Moja si Kuzalisha Elfu

Lugha yetu ina vitenzi viwili ambavyo aghalabu huchanganywa: kuunda na kuzalisha. Fundi wa majahazi kule Lamu huunda chombo kimoja kwa jicho na mkono wake, na wala si lazima cha pili kilingane na cha kwanza. Kuzalisha ni kauli ya kutendesha ya kitenzi zaa. Kizaliwacho hufanana na mzazi wake, na uzazi hauishii kwa mmoja. Tofauti hii wahenga waliotuachia lugha waliijua. Sisi wenye viwanda tumeisahau, na usahaulifu huo umetugharimu.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kikenya. Wahandisi waliitikia mwito, na karakana za reli zikatumika katika kazi hiyo. Magari matano ya majaribio yakaundwa, yakaitwa Nyayo Pioneer. Mwezi wa Februari 1990 yalizinduliwa Kasarani kwa shangwe kubwa, na ikatangazwa kuwa yaweza kufikia kasi ya kilomita 120 kwa saa. Fauka ya hayo yote, fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hapana haja ya kuwabeza wahandisi wale. Kazi waliyopewa waliitimiza. Kielelezo cha kwanza hujibu swali moja tu: je, jambo hili lawezekana? Kiwanda huulizwa maswali mengine kabisa. Kalibu za kufinyangia vyuma zitatoka wapi? Vipuri vitanunuliwa kwa bei gani? Mlango wa gari la mia moja utaingia mahali pake bila kupigwa nyundo? Maswali haya hayajibiwi na hotuba wala vigelegele.

Katika mwongo uo huo, pasipo gwaride, jiko la makaa lenye kigae cha udongo lilikuwa likipitia njia nyingine. Wazo lake lilitoka Thailand. Majiko ya mwanzo yalikuwa na dosari: yalikuwa mazito, na udongo wake ulipasuka. Yakarudishwa kwa mafundi, nao wakasikiliza malalamiko ya wapishi. Umbo likabanwa kiunoni, na kigae kikawekwa sehemu ya juu tu, panapokaa makaa. Kisha kazi ikagawanywa. Mfinyanzi akatoa vigae vya kipimo kimoja kwa kalibu, na fundi wa bati wa Shauri Moyo akakata mabati kwa kigezo kimoja. Kigae cha huyu kikaingia katika bati la yule. Leo jiko hilo, lenye kupunguza makaa kwa thuluthi moja au zaidi, limeenea nchini na kuigwa katika mataifa mengine ya Afrika.

Atakayesema kwamba jiko si gari atakuwa amesema kweli. Gari lina maelfu ya sehemu na lahitaji mtaji mkubwa. Lakini ukubwa wa kazi huzidisha haja ya kupima, kurekebisha na kupima tena, hauiondoi.

Kila mwaka vijana wetu hutoa mashine za ajabu katika maonyesho ya sayansi. Hupigwa picha, hupewa cheti, na mashine zao hulala stoo zikila vumbi. Serikali na vyuo vikuu havina budi kutenga fedha za kalibu na majaribio kabla ya kutenga fedha za sherehe. Tena mhandisi na akae na fundi wa jua kali tangu siku ya kwanza, wazungumze kwa lugha wanayoelewana, na vipimo viandikwe kwa lugha hiyo hiyo. Kipimo asichokielewa fundi hakiwezi kurudiwa, na kisichorudiwa hakizalishwi.