Labo inaachaka nini ndani ya mwanafunzi? Farasi wa Berlin na mbuzi wa shamba letu



Huu ni muda wa kutafuta fasi ya staji na kichwa cha memwari, na swali linarudi kila mwaka. Safari hii limeletwa na mdogo wangu wa nyumba, anayesoma saikolojia: "Yaya, asistanti anatafuta wanafunzi wa kumsaidia ku labo. Hakuna franka hata moja. Miezi sita ya kupima kumbukumbu ya watoto wa shule! Itanisaidia nini kesho?"

Mimi ni mtu wa Agro, si wa Psiko. Lakini nilimjibu haraka kama mkubwa: "Ingia. Angalia wale wote walipitaka ku labo, leo wako na kazi." Akanyamaza, akaenda. Usiku nikaona kwamba jibu lile, kama ningeliandika ndani ya memwari yangu, juri wangelikata kwa biki nyekundu. Njo maana ninajaribu tena hapa, pole pole.

Ni mbolea ao ni udongo?

Ku Agro kitu cha kwanza wanatufundishaka ni hiki: ukiweka mbolea na maharagi yakatoka mazuri, bado haujajua kitu. Labda mvua ilikuwa ya kutosha. Labda fasi ile udongo ulikuwa na nguvu tangu zamani. Lazima uache kipande kingine pembeni, udongo ule ule, mbegu ile ile, mvua ile ile, bila mbolea. Kwa Kifaransa kipande hicho kinaitwa shahidi, na jina linafaa: bila yeye hakuna kesi.

Tena si wewe unachagua kipande gani kipate mbolea. Unapiga kura. Juu ukiacha mkono wako uchague, utaenda wenyewe ku udongo mzuri, hata kama haukupanga kudanganya.

Sasa angalia wanafunzi wanaoingia ku labo. Nani aliwapigia kura? Hakuna. Waliingia wale waliokuwa na poenti, wale asistanti aliwaona mbele ya oditwari, wale wanaopenda kuuliza. Mara mingi ni wale ambao mzazi analipa minervali, hawana lazima ya kuuza soko kila mchana. Miaka mitano nyuma ya pale, wako na kazi. Ni mbolea ao ni udongo? Mimi sijui, na yule anayesema anajua, muulize shahidi wake yuko wapi.

Hata Marekani, kule mwanafunzi wa saikolojia kuingia ku labo ya profesa mapema ni jambo la kawaida, utafiti mwingi juu ya jambo hili unauliza wanafunzi wenyewe wanaona walipata nini. Ni vizuri kuwauliza. Lakini inafanana na kuuliza mkulima kama mbolea ya bure ilimpendeza.

Kwa hiyo siwezi kumuahidi mdogo wangu kazi. Ninachoweza ni kumuonyesha ile kazi ya labo inafanya nini ndani ya mtu, na ile kitu inamfuata mpaka wapi. Nitaanza na mwanafunzi mmoja wa zamani ambaye labo yake ilikuwa na farasi.

Mwanafunzi mbele ya farasi

Mwaka 1904, Berlin, mwalimu mmoja mzee wa hesabu, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi jina lake Hans. Unamuuliza Hans tatu na nne ni ngapi, anapiga kwato chini mara saba, anaacha. Watu walijaa ku uwanja kumuangalia. Kundi la wataalamu lilikuja, likiongozwa na profesa Carl Stumpf wa saikolojia. Walitafuta ujanja wa mwenye farasi, hawakuona. Na kweli mzee hakuwa anadanganya mtu.

Stumpf akaachia kazi mwanafunzi wake, Oskar Pfungst. Hakuwa profesa, hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na uvumilivu na swali moja: kitu gani nikikiondoa, farasi atashindwa? Akafanya mtu aulize swali ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Hans akashindwa. Akamziba farasi macho asione anayeuliza. Hans akashindwa tena. Alirudia, akaandika, akarudia.

Mwisho akaona. Anayeuliza anainama kidogo kuangalia kwato. Hesabu ikifika ku jibu, kichwa chake kinainuka kidogo sana, bila yeye kujua. Hans alikuwa anasoma kile kichwa. Hesabu hakuijua. Na kilichonigusa zaidi: Pfungst alijikuta yeye mwenyewe, hata kisha kugundua siri, anaendelea kumpa farasi ile alama bila kutaka. Kitabu chake kilitoka 1907, na mpaka leo wanasaikolojia wanatumia lile somo: anayeuliza anaweza kuweka jibu ndani ya anayejibu, hata bila kusema neno.

Hadithi hii nilisimuliwa na rafiki niliyekuwa naye chumba kimoja, mtu wa Psiko, usiku moja umeme ukiwa umekatika. Nilicheka. Nikasema, ninyi mnasoma farasi, sisi tunasoma maharagi. Miaka mitatu nyuma, ile farasi ilikuja kunitafuta.

Mbuzi

Lakini mbele ya farasi, mimi nilikuwa na mbuzi.

Memwari yangu ilikuwa juu ya maharagi ya kupanda ku miti. Vipande 12 ku shamba la majaribio: vinne bila kitu, vinne na samadi ya ng'ombe, vinne na mboji. Wiki ya saba, siku ya Mungu, watu wakiwa ku kanisa, mbuzi za jirani zikaingia. Zikamaliza vipande viwili mpaka chini.

Nilikaa na kaye yangu. Vipande vingine vilikuwa na namba zake. Namba mbili za katikati, nani angeziona? Niliziandika, kwa kalamu ya risasi, kama mtu anayejaribu dhambi kwanza aone ladha yake.

Asistanti akapita, akaangalia. "Mbuzi zilikula vipande vingapi?"

"Viwili, asistanti."

"Na hizi mbili zinatoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakunikasirikia. Alisema tu: "Futa. Andika: imeliwa na mbuzi. Namba yenye haiko, nayo ni habari." Kisha akakaa saa nzima pembeni yangu kunionyesha namna ya kuhesabu wakati namba zingine zinakosa.

Siku ya kutetea memwari, mmoja wa juri alishika pale pale ku shimo lile. Nilitoka jasho. Poenti zingine nilizipoteza, ninafikiri. Lakini nilitoka mle ndani nikijua kitu ambacho miaka mitano ya kukariri sillabi haikunipa: ninaweza kusimama mbele ya watu wakubwa nikasema "hapa sijui", na nisife.

Farasi anarudi

Kisha lisansi nilipata mkataba mfupi ku ONG moja iliyokuwa imegawa mbegu bora vijijini. Kazi yangu: kuuliza familia kama wanazipanda. Tulifika na jipu, kofia za mradi ku kichwa, na swali la kwanza ku fishi lilikuwa: "Mbegu tuliyowapa iliwasaidia?" Mama mmoja, mmoja, mmoja: "Ndiyo baba, sana, aksanti." Fishi zikajaa. Shefu akafurahi.

Siku ya tatu nikasikia kwato ndani ya kichwa. Tulikuwa tunainua kichwa, wale bamama wanaacha kupiga. Mwenye jipu anaweza kurudi na mbegu zingine, nani atamwambia hapana?

Nikapigia rafiki yangu wa Psiko simu. Akaniambia mambo matatu, kama mtu anayesoma orodha ya soko. Toa kofia, acha jipu mbali. Usiulize "iliwasaidia?", uliza "musimu huu mulipanda nini?" na uache mtu aongee. Na mwisho, omba aonyeshe: shamba, gunia, mbegu aliyochunga. Kijiji kilichobaki tulifanya vile. Familia zilizokuwa bado na ile mbegu zikawa chache sana kupita vijiji vya kwanza. Wengine waliipika wakati wa njaa, na walituambia bila haya, juu sasa hakuna mtu aliyekuwa anawauliza kama wanatushukuru.

Niliandika yote mawili ndani ya ripoti, ya kwanza na ya pili, na namna tulivyouliza. Mkataba wangu uliisha mwezi ule na haukuongezwa. Siwezi kusema ni juu ya ile ripoti. Sina shahidi.

Wa Psiko wanaendaka wapi?

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Huku kwetu mashariki, lisansi wa saikolojia wengi hawatakaa ku labo. Wataenda kuwa APS ku ONG na ku hospitali, wengine ku shule, wengine kuchagua wafanyakazi, wengine kuzunguka na fishi za anketi. Kwa hiyo wanasema: labo ya nini?

Fikiri kazi ya APS. Mtu anaketi mbele yako, amepita vita, ubakaji, kukimbia nyumba. Unamuuliza. Kama haujawahi kujifunza kwamba uso wako unaongea, kwamba swali lako linaweza kumpa jibu, utaandika hadithi yako, siyo yake. Na ile fishi ndiyo itaamua asaidiwe namna gani. Mwanafunzi aliyepima kumbukumbu ya watoto 40, neno lile lile, sauti ile ile, akashikwa na asistanti mara kumi anamtikisia mtoto kichwa, yule amekwisha kukutana na farasi. Itamsaidia siku ambayo hakuna mtu wa kumkosoa.

Kuna kitu kingine: swali. Mary Ainsworth alisoma saikolojia Toronto, kwa profesa William Blatz, aliyekuwa anafundisha kwamba mtoto anahitaji usalama kwa wazazi ili aweze kutoka kujifunza dunia. Alifanya doktora juu ya swali hilo, 1939. Vita ikaja, akaingia jeshi. Akaenda London, akafanya kazi na John Bowlby. Mwaka 1954 alifuata bwana yake Kampala, hapa jirani. Hakukuwa na labo ya kumngojea. Alichukua daftari na mkalimani, akaenda kukaa ndani ya nyumba za familia 26 za vijijini, akiangalia mtoto analia wakati gani, anamfuata nani, anatulia mikononi mwa nani. Kitabu cha kazi ile kilitoka 1967, na yale aliyoanza kule Uganda aliyaendeleza Marekani, Baltimore. Wa Psiko wote mnalijua jina lake. Lile swali alilipata akiwa mwanafunzi, likavuka naye bahari mbili.

Basi, uingie ao usiingie?

Nimemwambia mdogo wangu hivi, na ninawaambia nanyi.

Mbele ya kuingia, uliza utafanya nini. Kama ni kufagia, kupiga fotokopi na kuingiza namba ambazo hakuna anayekuelezea, hiyo si labo, hiyo ni boyi bila mshahara. Omba jambo moja: asistanti aangalie kazi yako na akukosoe, hata mara moja kwa wiki. Bila mtu wa kuona kalamu yako ya risasi, mimi ningekuwa leo mtu wa kutunga namba, na ningekuwa hodari.

Kama unalipa minervali kwa jasho lako, usijione umepotea. Mchana mbili kwa wiki zilizo na mtu wa kukufuata ni bora kuliko miezi sita ya kukaa bure. Nyinyi wa LMD muko na miaka mitatu tu, sisi tulikuwa na tatu za gradua na mbili za lisansi. Musingoje mwaka wa mwisho.

Na kama fakulte yako haina labo, kumbuka Pfungst alikuwa na uwanja, Ainsworth alikuwa na nyumba za watu. Asistanti wangu alikuwa na shamba bila uzio. Swali moja, kaye moja, na mtu mmoja wa kukuambia "futa". Ile ya tatu ndiyo ngumu kupata. Ukiipata, shikilia.

Asubuhi mdogo wangu aliniuliza: "Na wewe Yaya, zile poenti ulizipoteza juu ya mbuzi, ungezirudisha?" Nilitaka kujibu haraka tena. Nikamwambia aende ku labo kwanza, tutaongea akitoka.