Amani na amani: Herufi Kubwa katika Usomaji wa Fasihi

Bila shaka umewahi kusahihisha insha ambamo 'Kitabu', 'Mwalimu' na 'Kiwanda' vimeandikwa kwa herufi kubwa katikati ya sentensi. Katika Kiswahili hilo ni kosa la tahajia, lakini katika Kijerumani ndiyo sheria. Makala haya yanafafanua chanzo cha tofauti hiyo na jinsi inavyomfaa mwalimu na mtahiniwa wa fasihi.

Tuanze na Kijerumani. Zamani, waandishi wake walikuza herufi ya kwanza ya majina matakatifu, majina ya watawala na maneno waliyotaka kuyapa uzito. Katika karne ya 16 na ya 17, desturi hiyo ilienea hadi ikazifikia nomino zote. Mwanaisimu Jacob Grimm aliipinga katika karne ya 19, na Wadenishi waliokuwa nayo waliiacha mwaka wa 1948. Wajerumani waliishikilia, hata katika mageuzi ya tahajia ya mwaka wa 1996.

Wanaoitetea husema kuwa humsaidia msomaji. Tazama mfano huu maarufu: 'der gefangene Floh' ni kiroboto aliyekamatwa, ilhali 'der Gefangene floh' ni mfungwa alitoroka. Herufi zile zile, maana mbili. Herufi kubwa ndiyo inayoonyesha nomino ni ipi.

Je, Kiswahili kinaihitaji kazi hiyo? La. Nomino zetu hujitambulisha kwa ngeli na upatanisho wa kisarufi. 'Mfungwa alitoroka' haiwezi kuchanganywa na 'kiroboto kilichokamatwa' wala 'kiroboto aliyekamatwa'. Kwa hiyo herufi kubwa imebakiwa na kazi chache, hasa kuanzisha sentensi na kutambulisha nomino za pekee. Mwanafunzi wa Thika ataandika 'Baba anafanya kazi katika Eneo la Viwanda la Thika', kwa kuwa hilo ni jina la mahali. Lakini ataandika 'Ruiru pia kuna viwanda vingi', kwa kuwa hapo 'viwanda' si jina la pekee. Tangazo la langoni lililoandikwa HAKUNA KAZI halimfunzi lolote kuhusu suala hili, maana herufi zake zote ni kubwa.

Sasa tuingie katika fasihi. Waandishi wetu hupenda kuwapa wahusika majina ya kimajazi. Katika riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012) tunakutana na Amani, Imani na Madhubuti. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei yumo Ridhaa, na katika Kigogo ya Pauline Kea yumo Tunu. Mtahiniwa akiandika 'amani alifika Sokomoko', amemnyima mhusika jina lake. Akiandika 'Amani ilikosekana Sokomoko' katikati ya hoja, msomaji atashindwa kujua kama anasemwa kijana au hali ya utulivu. Sahihi ni 'Amani alifika', ngeli ya A-WA, na 'amani ilikosekana', ngeli ya I-I. Herufi na kiambishi sharti viafikiane. Tena, maana ya jina la kimajazi hutokana na kuwekwa kwa mawili hayo bega kwa bega: je, Amani analeta amani? Asiyeyatenganisha kimaandishi hawezi kuijibu hoja hiyo kikamilifu.

Katika ushairi, tahadhari zaidi. Mshairi anapoliita 'Mauti' na kulipa kiambishi cha mtu, kama vile 'Mauti kanijia', tunayo tashihisi. Lakini mishororo mingi huanza kwa herufi kubwa hata kama neno la kwanza ni kiunganishi. Hivyo basi, neno likiwa mwanzoni mwa mshororo, usijenge hoja juu ya herufi yake. Tafuta ushahidi katika kiambishi cha kitenzi.

Fauka ya hayo, kumbuka kuwa tenzi kongwe ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo hazina herufi kubwa wala ndogo. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ina tarehe ya mwaka wa 1728, ni mfano. Herufi kubwa unazoziona katika matoleo ya leo ziliwekwa na wahariri walioyahamishia maandishi hayo katika hati za Kirumi. Anayedai kuwa mtunzi 'alilikuza' neno fulani anamsifu mtunzi kwa kazi ya mhariri.

Mwalimu, jaribu zoezi hili darasani. Andika ubaoni sentensi tano zenye majina ya kimajazi, zote kwa herufi ndogo, kisha uwaambie wanafunzi wazisahihishe wakiongozwa na viambishi pekee. Nawe mtahiniwa, kabla ya kukabidhi karatasi yako, pitia kila jina la mhusika na kitenzi kinacholifuata. Yakikubaliana, msahihishaji atajua unamzungumzia nani.