2Pac alicheza baleti. Sasa mbona unakasirika?

Ukitaka kuzua ugomvi kwenye maskani yoyote hapa Msambweni, usiguse siasa wala mpira. Wewe sema tu kwamba 2Pac alisomea baleti, ile dansi ya suruali za kubana na kusimama kwa ncha za vidole.

Juzi nilimwambia hivyo jamaa mmoja wa boda, kijana ambaye sura ya 2Pac iko kwenye tangi la pikipiki yake, kwenye tisheti na kwenye simu. Jibu halikuchelewa: "Uongo huo, bro. Wanamchafua kwa sababu ameshakufa." Nikamtolea picha ya zamani. Akasema imetengenezwa na kompyuta. Nilipoendelea, akashuka bei kidogo: "Basi alilazimishwa na mwalimu."

Hakulazimishwa. Miaka ya 80, kabla hajawa rapa wa kutisha, Tupac Shakur alikuwa mwanafunzi wa Baltimore School for the Arts kule Marekani. Alijifunza uigizaji, ushairi, jazi na baleti, na akacheza kama Mfalme wa Panya katika The Nutcracker. Ni jambo la wazi kwenye maisha yake.

Tena tuelewane. Baleti haimfanyi mtu kuwa shoga, na mimi sikusema 2Pac alikuwa shoga. Hilo neno alilileta yeye mwenyewe wa boda. Mimi nimesema dansi, yeye kasikia ushoga. Ndio maana nikaona hii stori si ya 2Pac. Ni yetu.

Chukua Eminem. Mashairi yake yalilaumiwa sana kwa kuwatukana mashoga, lakini mwaka 2001 alipanda jukwaa la Grammy na Elton John, mwanamuziki ambaye hajaficha kwamba ni shoga. Wakaimba "Stan", kisha wakakumbatiana mbele ya dunia nzima. Baadaye Elton alimsaidia alipokuwa anapambana na uraibu wa dawa. Mwambie fan wake, atakujibu ile ilikuwa biashara tu. Mwambie kwamba Jay-Z, kwenye "Smile" ya mwaka 2017, alieleza kuwa mamake mzazi anapenda wanawake, na mama mwenyewe akasikika mwishoni. Fan atakwambia hiyo albamu hajaisikiza.

Mbona tunakataa hata kilichosemwa na msanii mwenyewe? Kwa sababu rapa tunayemvaa kifuani ndiye kitambulisho chetu cha uanaume. Kijana hana kazi ya maana, hana shamba, nyumbani anaambiwa hajawa mtu. Kilichobaki ni ugumu, na ugumu ameuazima kwa 2Pac. Ukimlainisha 2Pac, umemlainisha yeye mbele ya wenzake. Na ukimtetea sana mtu anayesemwa, swali la pili linakuja kwako: "Kwani na wewe vipi?"

Cha kuchekesha ni kwamba hofu yenyewe tumeiagiza. Sikiliza vijana wa siku hizi. Mtu akimwambia mwenzake amependeza, lazima amalizie na "no homo". Hilo neno limetoka mitaa ya Harlem, New York, na wakina Cam'ron na kundi lake la Dipset ndio walilisambaza miaka ya 2000. Sasa tazama wazee wetu. Hapa Pwani mwanaume anafunga kikoi, anajipaka marashi, na akikutana na rafiki yake wanatembea wameshikana mikono wakipiga stori mpaka nyumbani. Hakuna anayesema "no homo". Lakini wajukuu wao wakigusana mabega kwenye bodaboda, lazima mzaha upigwe.

Sisemi wazee wanakubali ushoga. Wengi hawakubali, na dini inavyosema mnajua. Ninachosema ni kwamba uanaume wao haukuhitaji kuapa kila dakika.

Na hofu hii si ya maneno matupu. Kutoka hapa hadi Ukunda ni matatu moja tu. Pale Ukunda, Februari 2015, wanaume wawili walikamatwa kwa kushukiwa kuwa mashoga. Wakapelekwa hospitali Mombasa, wakachunguzwa njia ya haja kubwa na kupimwa virusi vya Ukimwi bila kutaka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema hakuna kosa. Ilibidi wangoje hadi Machi 2018 ndipo Mahakama ya Rufani ikasema uchunguzi ule ulivunja haki zao. Mwaka huo huo wa 2016, kundi la Art Attack la hapa Kenya lilitoa video ya "Same Love" kutetea mapenzi ya jinsia moja. Bodi ya filamu ikaipiga marufuku na kuitaka Google iiondoe.

Sheria yenyewe, kifungu cha 162 chenye adhabu ya hadi miaka 14 jela, ni ya tangu enzi za mkoloni, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta. Kwa hiyo mtu akiitwa shoga kwa mzaha maskani, si mzaha tu. Ni uvumi, na uvumi huku kwetu unaweza kumpeleka mtu kituo cha polisi.

Sikuombi ubadili imani yako, wala mimi si shehe wala wakili. Lakini hesabu watu wa maskani yenu. Kuna mmoja anayecheka akiwa amechelewa sekunde moja. Labda ana jambo lake moyoni. Labda aliwahi kuumizwa na mtu mzima alipokuwa mdogo, na hajamwambia yeyote kwa sababu anajua jina atakaloitwa. Hao wawili ni watu tofauti kabisa, lakini neno moja linawafunga midomo wote.

Kila tunapopiga ule mzaha, yeye anasikiliza, anapima nani kati yetu anaweza kuambiwa siri. Mpaka sasa jibu analopata ni hakuna. Ukitaka kuwa mgumu kweli, mwanangu, siku mzaha ukianza, wewe usicheke. Badilisha stori. Hiyo tu. Atakuwa amekuona.