Aliyeacha Pombe Akiteleza Siku Moja

Malipo ya pili ya majani chai, ambayo wakulima wengi huyaita bonasi, hufika karibu na mwezi wa Oktoba. Kwa mkulima wa Meru au Embu aliyeacha pombe mwezi Agosti, hiyo ndiyo wiki ngumu kuliko zote. Pesa ziko mfukoni, wenzake wanamngoja sokoni, na akikataa glasi anaulizwa kama siku hizi amekuwa pasta.

Mara nyingi si kiu inayomshinda mtu kama huyu. Humshinda upweke, kwa sababu karibu kila mahali alipozoea kukaa na wenzake pana kinywaji.

Chanzo cha hali hii ni cha kale. Pombe ya asali, iliyochachushwa kwa tunda la muratina, ilikuwa ya wazee, na ilikuwa na siku zake: kupokea mahari, kupatanisha waliogombana, kumkaribisha mgeni wa heshima. Kijana hakukaribia kibuyu cha wazee. Hadi leo asali hutajwa pamoja na mifugo katika mahari ya Kimeru. Masharti ya umri na ya siku yamelegea, lakini maana ya kinywaji imebaki. Anayepewa glasi amekubaliwa, na anayeikataa huonekana kama amewakataa waliompa. Ndiyo maana agizo la "acha tu" halitoshi.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa ili kinywaji hicho kitengenezwe chini ya masharti, ikaweka pia saa za baa: siku za kazi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku. Pombe isiyo na kibali haikuisha. Mei 2014, kinywaji chenye methanoli kiliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi, na baadhi ya walionusurika wakapoteza macho. Wengi waliapa kuacha baada ya mazishi yale. Hofu humfanya mtu aache kwa siku chache. Baada ya hapo anahitaji kitu kingine.

Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere huongeza ugumu. Majani hayo humweka mtu macho, na kuna wanaokunywa usiku ili handasi ishuke wapate usingizi. Anayeacha pombe huku akiendelea kutafuna hujikuta macho saa 8 za usiku, mwili ukidai kile kilichozoea kumlaza. Mshauri anayesikia kuhusu pombe pekee hapati picha kamili, kwa hiyo ni vyema ayaeleze yote mawili.

Jambo moja halina mjadala. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Ndani ya siku moja anaweza kuanza kutetemeka, kutoa jasho na kutapika. Wengine hupata degedege katika siku mbili za kwanza, au huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo kufikia siku ya tatu. Hali hii huua, nayo hutibika hospitalini kwa dawa za kutuliza mwili na vitamini B1. Si mapepo, wala si adhabu.

Hatari hiyo ikipita, hubaki kazi ya polepole. Usingizi mbovu, hasira za ghafla na huzuni huweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Ni hapo watu wengi huteleza, na linalofuata baada ya kuteleza lina uzito kuliko glasi yenyewe.

Mwanasaikolojia Alan Marlatt, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, alieleza jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu aliyekuwa amejizuia hunywa mara moja. Badala ya kujiuliza ni nini kilichomfikisha hapo, anahitimisha kwamba yeye ni dhaifu na kwamba siku zote 40 zimemwagika. Aibu inamchoma, na dawa ya aibu anayoijua ni ile ile chupa. Glasi ya Ijumaa inakuwa wiki nzima. Kwa maneno mengine, kujilaani kunaendeleza ulevi.

Katika makanisa na nyumba zetu aibu hii huja mara mbili. Mtu anaweza kuwa ameshuhudia mbele ya waumini kwamba ameokoka na pombe. Akiteleza, hana uso wa kurudi ibadani, lakini baa inampokea bila swali. Hapo kanisa, ambalo kwa wengi ndilo kundi pekee lisilo na kinywaji, linakuwa limempoteza mtu aliyelihitaji mno.

Washauri sasa hufundisha namna ya kujitendea kwa utu. Neno "kujihurumia" halifai sana, maana kwetu linasikika kama kulia ukutani. Mtafiti Kristin Neff ametaja nguzo tatu: mtu ajisemeze kwa upole, akumbuke kwamba kukosea ni hali ya wanadamu wote, na aone maumivu yake bila kuyakuza wala kuyaficha. Kipimo chepesi ni hiki: ndugu yako akija asubuhi akiwa ameteleza, utamwambia nini? Wengi watampa uji kwanza, kisha wamuulize alikuwa wapi na nani. Maswali hayo hayo ndiyo anayepaswa kujiuliza mwenyewe. Upole huu haufuti deni la karo wala machozi ya mke. Humpa tu nguvu ya kuyakabili akiwa na akili timamu.

Nyumba nayo ina sehemu yake. Bonasi inaweza kupokelewa wawili wakiwa pamoja na karo kulipwa siku hiyo hiyo. Wakwe wanaweza kuarifiwa mapema kwamba mgeni wao atakunywa uji au soda, ili asilazimike kujitetea mbele ya watu. Aliyeteleza asifungiwe mlango, ingawa familia inayopigwa au kutishwa ina haki ya kujilinda na kuripoti kwa chifu au polisi.

Anayetaka kuanza, au kuanza tena, anaweza kuzungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, au kufika katika hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu. Simu ya NACADA, 1192, hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Kabla ya kulipia kituo cha kurekebisha waraibu, familia iombe kuona kibali chake cha NACADA. Mwenye dalili za kutetemeka sana, degedege au kuchanganyikiwa apelekwe hospitalini mara moja, na anayempeleka aseme wazi ni lini mgonjwa alikunywa mara ya mwisho.