Uvimbe wa Taya Usio Saratani: Kwa Nini Vijana Hufika Hospitali Wakiwa Wamechelewa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Jino la kijana wa miaka 20 likilegea bila kuoza na bila kugongwa, haitoshi kuling'oa na kumrudisha nyumbani. Huenda chini yake kuna uvimbe unaokua ndani ya mfupa wa taya, taratibu na bila maumivu, na kuling'oa bila kupiga picha kunaweza kuchelewesha utambuzi wake kwa miaka.

Miongoni mwa aina za uvimbe wa taya zisizo saratani, unaofahamika zaidi kwa madaktari wa upasuaji wa kinywa na taya barani Afrika ni ameloblastoma. Huanzia katika mabaki ya tishu zinazotengeneza meno wakati wa ukuaji wa mtoto. Ukilinganishwa na kuoza kwa meno au magonjwa ya fizi, uvimbe huu ni adimu. Hata hivyo, katika nchi zetu wagonjwa wengi ni watu wazima vijana, na baadhi huanza kuugua wakiwa bado shuleni. Takribani visa vinane kati ya kumi hutokea katika taya la chini, hasa sehemu ya nyuma yalipo magego.

Maneno "usio saratani" huwapotosha wengi. Maana yake ni kwamba, kwa kawaida, ugonjwa hausambai kwenda katika mapafu au viungo vingine. Hayamaanishi kwamba hauna madhara. Uvimbe huu hula mfupa, husukuma meno, hubadili sura na kumfanya mgonjwa ashindwe kutafuna na kuzungumza vizuri. Taya likishakuwa jembamba huweza kuvunjika kwa kishindo kidogo tu. Ukiwa taya la juu, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa unaweza kupanda hadi kwenye tundu la jicho na chini ya ubongo.

Kwa nini basi wagonjwa huchelewa? Sababu ya kwanza ni hiyo ya kutouma. Kijana huona shavu moja limejaa kidogo, meno hayakutani sawasawa, naye huendelea na shughuli zake. Wengine hupewa dawa za kuua vijidudu mara kadhaa kwa dhana kwamba ni jipu la jino, na wengine huchanjwa shavuni kwa waganga wa jadi, jambo linaloingiza maambukizi na kuacha makovu. Hofu ya kisu nayo haipaswi kudharauliwa: kijana anayejiandaa kuoa au kuolewa, au kutafuta kazi, huogopa kupoteza sura yake. Bahati mbaya, kadiri anavyosubiri ndivyo kipande cha taya kitakachoondolewa kinavyoongezeka.

Uchunguzi huanza kwa daktari wa meno kupapasa taya na kukagua kinywa. Hufuata picha ya eksirei inayoonyesha taya lote, ambapo uvimbe huonekana mara nyingi kama mapovu ya sabuni yaliyoshikana ndani ya mfupa. Kipimo cha CT-Scan husaidia kujua umefika wapi. Lakini picha peke yake haitoi jibu la mwisho, kwa sababu vifuko vya maji na aina nyingine za uvimbe wa taya hufanana nao. Kwa hiyo hukatwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe na kupelekwa maabara kuchunguzwa kwa hadubini. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama kipimo hicho kimefanyika kabla ya kukubali upasuaji mkubwa.

Tahadhari moja inawahusu watoto wadogo. Uvimbe wa taya unaokua kwa kasi, ndani ya siku au wiki chache, unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliyekuwa akifanya kazi nchini Uganda. Hiyo hutibiwa kwa dawa za saratani, na mtoto hapaswi kusubirishwa hata wiki moja.

Tiba ya ameloblastoma ni upasuaji. Kukwangua uvimbe tu huonekana tiba nyepesi, lakini chembe zake hupenya ndani ya mfupa kupita ukingo unaoonekana kwenye picha, hivyo mara nyingi hurejea. Ndiyo maana madaktari huondoa uvimbe pamoja na sentimita moja hadi mbili za mfupa unaoonekana mzima. Pengo huungwa kwa bamba la madini ya titani, au kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe unaochukuliwa nyongani au mguuni. Baadhi ya wagonjwa hubaki na ganzi ya mdomo wa chini, kwa kuwa mshipa wa fahamu hupita ndani ya taya hilo.

Kwa vijana wadogo wenye aina iliyo kama kifuko kimoja, daktari anaweza kwanza kukitoboa na kukiacha wazi ili kinywee na mfupa uote, kisha kuondoa kilichobaki. Njia hiyo hulinda ukuaji wa uso, ila humtaka mgonjwa asikose kliniki. Tangu mwaka 2014 imefahamika pia kwamba nyingi ya ameloblastoma zina badiliko katika kinasaba kiitwacho BRAF. Dawa zinazolilenga zipo, lakini hazijachukua nafasi ya upasuaji.

Mwenye dalili aanze katika kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya wilaya, apate rufaa kwenda hospitali zenye wataalamu wa upasuaji wa taya, zikiwemo Muhimbili na Bugando. Asiyemudu gharama aonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali husika. Baada ya upasuaji, ufuatiliaji kwa picha huendelea kwa miaka isiyopungua 10, kwani uvimbe umewahi kurejea kwa watu waliodhani wamepona kabisa. Picha za awali na majibu ya maabara yatunzwe nyumbani pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu daktari wa mwaka wa nane huenda asiwe yule aliyefanya upasuaji.